Orodha ya Wapangaji Walio Kimya

Mimi ni mtu wa Tanga, na huu ni mwaka wa tisa nikiwa afisa wa nyumba katika shirika moja la kupangishia watu wa kipato kidogo, karibu na Manchester, Uingereza. Eneo langu lina kaya 412. Nilipoanza tulikuwa na ofisi ndogo palepale mtaani: mtu bomba likimvujia anaingia, anakaa, anaeleza. Baadaye ofisi ikafungwa. Ikaja programu ya simu, na namba moja ya kupiga yenye sauti iliyorekodiwa: bonyeza moja, bonyeza mbili.

Programu yenyewe sikuipinga, na hata leo siipingi. Nina mpangaji dereva wa basi la usiku. Anaripoti bomba saa nane za usiku, kukicha fundi ameshapangwa. Zamani angeomba ruhusa kazini. Kilichonitia hofu ni namna sisi wa ofisini tulivyoanza kuisoma. Nyumba isiyoleta ripoti tuliihesabu kuwa haina shida.

Desemba 2023 nilikwenda kuamua ugomvi wa uzio kwa jirani mmoja, nikasikia ng'ambo ya ukuta mtu anakohoa bila kupumzika. Nilijua humo anaishi mama mtu wa Uvira, Kongo. Miji ya huku ilipokea Wakongo wengi kupitia Gateway, mpango wa serikali wa kuwapa wakimbizi makazi ulioanza 2004. Nikainama kwenye tundu la barua, nikapiga hodi kwa Kiswahili.

"Karibu, mwanangu!"

Ukuta wa chumba chake cha kulala ulikuwa mweusi kwa kuvu, kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua changu. Nikafungua faili lake pale pale: kodi imelipwa, hakuna kazi iliyobaki, hakuna malalamiko.

Nikamuuliza, Mama, mbona hukutuambia? Akasema alijaribu kupiga. "Iko inasema yenyewe tu, haisikilize mutu." Mwanawe ndiye aliyemfungulia akaunti, kwa namba yake mwenyewe, kisha akaenda chuo mji mwingine. Kijana aliripoti kuvu mara mbili. Ujumbe wa miadi ulikwenda kwake akiwa darasani, fundi akagonga mlango mama akiwa kanisani, kazi ikafungwa kwa maneno "hakuna mtu nyumbani". Hakuna aliyedanganya. Kila mashine ilifanya ilivyoagizwa, na mama akaendelea kulala kwenye chumba kile.

Usiku ule nilimfikiria Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili aliyefariki Desemba 2020 pale Rochdale, si mbali na kwetu. Uchunguzi wa kisheria ulithibitisha mwaka 2022 kuwa aliuawa na kuvu ya nyumba waliyopanga. Sheria yenye jina lake ilianza kutumika baadaye, tarehe 27 Oktoba 2025: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, unyevu na kuvu kubwa zichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi. Naishukuru sana sheria hiyo. Lakini siku hizo huhesabiwa tangu mwenye nyumba apate habari. Aliye kimya hajahesabiwa hata siku moja.

Basi nikamwendea mwenzangu wa takwimu, nikamwomba aigeuze kompyuta ituonyeshe wasiosema: nyumba ambazo kwa miezi 18 hazikuripoti chochote, au kazi yake ilifungwa bila fundi kuingia. Zikatoka 57. Mkuu wangu aliuliza kila nyumba itachukua dakika ngapi. Nikamwambia ukweli, pengine arobaini. Akanipa Jumanne na Alhamisi hadi Machi.

Nyumba 41 zilikuwa salama kabisa. Kumi na sita hazikuwa salama. Mzee mmoja alikuwa akioga kwa maji ya birika kwa miezi saba kwa kuwa boila imekufa, na hakutaka "kusumbua watu".

Kwa yule mama tuliweka, kwa ridhaa yake, kidude cha kupima joto na unyevu. Kilisoma nyuzi 11 chumbani. Mtu wa ofisini angeandika kuwa mpangaji hafungui madirisha. Nilikwenda nikanywa naye chai, na baada ya chai ya pili ndipo akanionyesha mita yake ya gesi ya kulipia kabla, kama LUKU ya kwetu: kila pauni aliyoweka, sehemu ilikatwa kulipa deni la zamani, akaona bora azime. Tulilishughulikia deni, tukamtibia ukuta, na joto likapanda.

Aprili naazima ukumbi wa mtaa. Kodi inapopanda, anayepokea Universal Credit, yaani msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, huthibitisha kodi mpya kwenye akaunti yake ya mtandaoni, na asipothibitisha msaada hubaki wa kiwango cha zamani na deni linaanza. Tunakaa na simu zetu mezani, mmoja mmoja, hadi jioni.

Fomu yetu ya mpangaji mpya sasa ina mstari niliouomba mimi: "Namba hii ya simu, anaishika nani?" Na orodha ya baridi hii imeshatoka, nyumba 33. Jumanne naanza na ile ya juu kabisa.