Nilivyounda taa ya kutibu manjano kwa wodi ya watoto wachanga

Mimi ni fundi wa vifaa tiba katika hospitali moja ya wilaya, mkoani Njombe. Wodi yetu ya watoto wachanga ilikuwa na mashine ya msaada ya kutibu manjano kwa mwanga, zile za mirija. Mirija hiyo huendelea kuwaka buluu hata ikishachoka. Kwa macho huoni tofauti, ila bilirubini ya mtoto, ile kemikali ya damu inayomfanya awe wa manjano, haishuki. Vipuri hatukuvipata, nikaomba ruhusa ya kuunda nyingine kwa taa za LED.

Sayansi yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1956, hospitali ya Rochford kule Uingereza, muuguzi Jean Ward, aliyezoea kuwatoa watoto juani, aliwaonyesha madaktari mtoto njiti ambaye manjano yalikuwa yamepauka mwili mzima isipokuwa pale shuka lilipofunika. Mama zetu wanaoanika watoto asubuhi hawako mbali na hapo, ila bilirubini ikipanda kweli jua hilo halitoshi, na ikifika kwenye ubongo huacha uziwi au mtindio wa ubongo.

Kabla ya kununua taa niliazima mita ya mwanga hospitali ya rufaa. Tiba kali ya mwanga inataka angalau maikrowati 30 kwa sentimita ya mraba kwa kila nanomita ya wimbi la mwanga, na namba hiyo huporomoka ukiinua taa kidogo tu. Katikati ya godoro ilitosha, miguuni haikutosha, nikazipanga taa upya. Nguzo ya bomba niliipiga alama ya rangi nyekundu, taa isipandishwe zaidi ya hapo. Mhandisi akapima umeme unaovuja, daktari wa watoto akaridhia, ikaingia wodini.

Hapo ndipo wauguzi walipoanza kuiunda wao. Sista wa zamu ya usiku aliniita asubuhi: "Mwanangu, taa yako nzuri, lakini chini yake kila mtoto ni wa buluu. Akikosa hewa nitamjuaje?" Hakuna kitabu changu cha ufundi kilichonipa swali hilo. Niliongeza taa nyeupe na kitufe kimoja: ukibonyeza, buluu inazima, nyeupe inawaka, unaangalia midomo na ulimi. Baada ya muda mfupi buluu inarudi yenyewe, maana nesi aliye peke yake usiku, mara kaitwa leba, hawezi kukumbuka kitufe.

Likafuata suala la baridi. Joto la LED hutokea nyuma, kwenye bati la kupoozea, na mtoto yuko chini na nepi na kitambaa cha macho tu. Njombe, mwezi wa Julai! Wengine walitaka nifunge hita humohumo. Nilikataa, kwa kuwa hita juu ya kichanga ni kifaa kingine chenye hatari zake. Tulihamishia taa kwenye chumba chenye joto wanakolala watoto wa kangaruu, wale wanaobebwa kifuani ngozi kwa ngozi, na kipimo cha joto la mwili kikaingia kwenye chati ileile ya bilirubini.

Hospitali ya jirani imeshaiomba. Bado sijawapa. Ili itoke nje ya geti letu inabidi ipite TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba Tanzania, na faili lake linataka vipimo vya umeme, vya mwanga, na maelekezo ya matumizi. Vipimo naandika mimi. Maelekezo nimemwachia sista.