Sukari ilishuka nikiwa usingizini, leseni wakaichukua

Nilizinduka shingo inanata jemu. Mume wangu alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, jasho linamchuruzika. Binti yetu, wakati huo ana miaka sita, alikuwa amesimama mlangoni kashika simu kwa mikono miwili, spika imefunguliwa, na yule mama wa 999, namba ya dharura, bado anaongea. Vijana wawili wa ambulansi, wamevaa kijani, walikuwa wameshanichoma pajani sindano ya glukagoni, dawa ya kupandisha sukari. Mmoja akanionyesha kimashine cha kupimia sukari: walivyonikuta ilikuwa 1.6, chini mno, sasa imefika 4.2. Jemu ilitoka kwa mume wangu. Alinipaka mdomoni kabla hajakumbuka kwamba mtu asiyejitambua halishwi kitu, atapaliwa.

Ilikuwa Novemba 2014, Leicester, Uingereza. Nina kisukari aina ya kwanza, natumia insulini, na kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Naamsha, naogesha, nawapa dawa, nawasha gari nakimbilia nyumba inayofuata. Siku ile nilizunguka nyumba kumi na mbili. Nikarudi usiku, nikala wali kidogo, nikachoma insulini ya kulalia kwa dozi ileile ya kila siku. Mwili uliofanya kazi nzito huendelea kunyonya sukari saa nyingi baadaye, hata alfajiri. Nilikuwa nimelisoma hilo, ila sikuwa nimelizingatia.

Machi 2015 ikajirudia, tena usingizini. Safari hii tulikuwa na kile kiboksi cha glukagoni cha rangi ya chungwa kwenye friji. Mume wangu akachanganya ule unga na maji yake, akanichoma mwenyewe, nikazinduka. Ambulansi haikuitwa. Nje ya nyumba yetu hakuna aliyejua.

Kwa hiyo mwezi uliofuata, nesi wa kliniki aliponiuliza swali lake la kila mara, "Tangu tuonane umewahi kushuka mpaka ukahitaji mtu akusaidie?", jibu lilikuwa langu peke yangu. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimeongea na mama yangu, Tanga. Aliniambia, "Mwanangu, wewe sema hujambo tu. Gari ndiyo riziki yako na ya wanao." Nikamwambia, "Mama, si wewe uliyetufunza kwamba mficha maradhi kilio humuumbua?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya. Mungu akutangulie."

Nikamwambia nesi: mara mbili.

Alikaa na mimi karibu saa nzima. Tukapunguza insulini ya usiku, akaniandikisha kozi ya DAFNE, siku tano za kujifunza kupanga insulini kulingana na chakula unachokula kweli. Ile kozi ilinibadilishia maisha. Mpaka leo nikipakua wali najua hicho kijiko kinataka insulini kiasi gani. Lakini kabla sijatoka, daktari aliingia akaniambia kwa upole kwamba kushuka vibaya mara mbili ndani ya miezi kumi na miwili maana yake niache kuendesha siku hiyohiyo na niiarifu mamlaka ya leseni. Asiyearifu anaweza kutozwa faini hadi pauni 1,000. Gari nililiacha palepale kwenye maegesho ya hospitali, mume wangu akaja kulichukua jioni. Mimi nilirudi kwa basi, nalia, nimegeukia dirishani.

Niieleze sheria yenyewe ilivyokuwa wakati ule, maana wengi wetu tunaisikia kwa mdomo tu. Ilitokana na maagizo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009, na Uingereza ikaanza kuyatumia mwishoni mwa 2011. Kushuka vibaya ni kule kunakohitaji mtu mwingine akuokoe. Aliyeshuka hivyo zaidi ya mara moja katika mwaka hakuruhusiwa kuendesha. Sheria haikuuliza ulikuwa wapi wala unafanya nini. Aliyezimia akiwa kwenye usukani na aliyezimia chini ya blanketi saa tisa za usiku walihesabiwa sawasawa.

Sipingi kuwekewa masharti. Sukari ikishuka akili inapotea kabla hujajijua. Nimewahi kusimama jikoni kwangu nisijue maji yanafunguliwaje. Mtu wa hali hiyo hafai kuwa barabarani, na watoto wangu nao huvuka barabara hizohizo. Nilichokipinga ni kupimwa kwa jambo la kitandani kana kwamba ni la barabarani, wakati katika miaka yote ya kuendesha sukari haijawahi kunishuka hata mara moja nikiwa kwenye gari.

Hapo nilifanya kosa ambalo ningependa mwenzangu asilirudie. Nilijaza fomu, nikakaa kusubiri wanifutie leseni. Sikujua kwamba ukiirudisha mwenyewe kwa hiari, kuna kifungu cha 88 cha Sheria ya Usalama Barabarani ya 1988 kinachokusaidia baadaye: siku utakapoomba upya, daktari wako akiona uko sawa na ukatimiza masharti mengine, unaweza kuendesha huku ombi lako linashughulikiwa. Ukishafutiwa, hugusi usukani mpaka ombi likubaliwe na kadi mpya itoke. Kwangu tofauti hiyo ilikuwa miezi mitatu na ushee. Kushuka kwa kwanza kulitimiza mwaka Novemba 2015, lakini kadi ilifika Machi 2016.

Miezi kumi na moja bila gari. Mwajiri alinibakishia nyumba nne tu ambazo naweza kuzifikia kwa miguu, na kwa kuwa mkataba wangu haukuwa na saa za uhakika, mshahara ulikatika zaidi ya nusu. Kulikuwa na bibi mmoja wa kijijini nje ya mji, ana miaka themanini na tisa, aliyezoea niimbe nikimvalisha soksi. Basi la kwanza la kwenda kwake lilifika saa tatu asubuhi, na yeye alitakiwa aamshwe saa moja. Nikampoteza.

Halmashauri ilinipa kadi ya kupanda basi bure. Sheria ya Uingereza inampa haki hiyo mtu ambaye angenyimwa leseni kwa sababu ya afya. Lakini siku za kazi kadi hiyo huanza kutumika saa tatu na nusu asubuhi, na zamu yangu ya asubuhi ilikuwa inakaribia kwisha saa hiyo. Kilichonisaidia zaidi nilikijua nimechelewa: mpango wa serikali unaoitwa Access to Work, ambao unaweza kuchangia nauli ya teksi ya mtu ambaye ulemavu au maradhi yanamzuia kufika kazini kwa njia nyingine. Ndugu yangu unayesoma, ukifutiwa leseni leo, kuomba huko kuwe jambo lako la kesho asubuhi.

Katika miezi hiyo ndipo nilipoona jinsi watu wanavyoficha. Kwenye shughuli zetu, msibani, kwenye maulidi, nilipoanza kusema wazi kwamba nimepoteza leseni, watu walinivuta pembeni. Mmoja alikuwa na miaka kumi hajamwambia daktari ukweli. Mwingine alinunua kimashine cha pili, kimoja cha kumwonyesha daktari na kingine cha kwake mwenyewe. Aliyeniumiza zaidi ni kaka mmoja wa Kilwa anayeishi Coventry, dereva wa lori. Kisukari chake ni aina ya pili. Vidonge vilikuwa vimeshindwa na daktari alimtaka aanze insulini, naye akakataa kwa mwaka mzima. Nyayo zilikuwa zimekufa ganzi. Akavua kiatu mbele yangu, kukawa na msumari mdogo umepenya soli hadi kwenye soksi, na hakuwa na habari nao.

"Dada," akaniambia, "nikianza sindano leseni ya lori imekwenda."

Alikuwa anaishi na sheria iliyokwisha kupitwa na wakati. Tangu 1991 kweli watumiaji wa insulini walizuiwa malori makubwa na mabasi, lakini Novemba 2011 mlango ulifunguliwa tena, kila mtu akaangaliwa kwa hali yake. Masharti yalikuwa magumu: kusiwe na kushuka vibaya hata mara moja kwa miezi kumi na miwili, mashine iwe na kumbukumbu ya vipimo vya miezi mitatu mfululizo, upime angalau mara mbili kila siku hata siku usiyoendesha, na kila mwaka ukaguliwe na bingwa wa kisukari asiye daktari wako wa kawaida. Magumu kweli, lakini yalibebeka. Tulikaa mezani kwangu na daftari, nikamwonyesha jinsi ya kupanga vipimo: ndani ya saa mbili kabla ya kuwasha, kisha kila saa mbili njiani. Alianza sindano wiki iliyofuata. Hakuna siku katika mwaka ule niliyofurahi kama siku aliponipigia kusema ameipata leseni ya mwaka mmoja.

Kuficha si tabia ya Waswahili peke yao. Huko Denmark watafiti waliangalia wagonjwa wa aina ya kwanza kabla na baada ya sheria hiyo ya Ulaya kuanza kutumika mwaka 2012. Idadi ya matukio mabaya ambayo wagonjwa waliwaambia madaktari ilishuka kwa zaidi ya nusu. Insulini ilikuwa ileile na miili ileile. Watu walikuwa wameacha kusema, na daktari asiyeambiwa hawezi kurekebisha dozi, kwa hiyo barabara haikupata usalama wowote.

Nilichukua hoja hiyo nikaenda nayo kwa mbunge wetu. Uingereza wabunge wengi hutenga siku ya kusikiliza watu wa jimbo lao, na huhitaji kujuana na mtu. Nilipiga simu, nikapewa dakika kumi na tano kwenye chumba cha maktaba. Nilibeba daftari la vipimo vya siku tisini, barua ya kliniki, na karatasi moja tu niliyoandika mwenyewe. Nilijifunza kwa Diabetes UK kwamba karatasi moja inasomwa, kumi haisomwi. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1934 na daktari R. D. Lawrence na mwandishi H. G. Wells, wote wawili wakiwa na kisukari, na ndicho kilichonifunza kutenganisha mambo mawili: kulalamika kuhusu leseni yangu, na kuomba sheria irekebishwe. La kwanza ningeweza kulipeleka kwa hakimu ndani ya miezi sita, lakini kwa sheria ilivyokuwa, ningeshindwa. La pili lilihitaji watu wengi waseme jambo moja kwa sauti moja.

Tuliandika. Nilitafsiri maelezo kwa Kiswahili, nikawasomea kina mama baada ya darasa la watoto Jumapili, na watu kumi na wanane wakaandika barua kwa wabunge wao, kila mmoja kwa kisa chake. Nilikataa katakata tuandike barua moja na kunakili. Mzee mmoja aliandika kurasa mbili juu ya kumpeleka mkewe kwenye dayalisisi, kusafishwa damu. Barua zetu zilikuwa tone kwenye bahari, kwani wagonjwa, madaktari na vyama vya nchi nyingi za Ulaya walikuwa wakilisukuma jambo hilohilo. Tarehe 7 Julai 2016 Tume ya Ulaya ikatoa agizo jipya: kinachohesabiwa kwa dereva wa gari dogo ni kushuka vibaya ukiwa macho.

Nilifurahi nusu. Wiki mbili tu kabla, tarehe 23 Juni, Waingereza walikuwa wamepiga kura ya kutoka Umoja wa Ulaya, na simu yangu ikajaa maswali: sasa litatuhusu? Sikuwa na jibu. Nilimrudia mbunge, nikamwandikia tena Januari na tena Septemba 2017. Hatimaye Uingereza ikalipokea, likaanza kutumika Januari 1, 2018. Na aliyeshuka vibaya zaidi ya mara moja akiwa macho naye aliweza kurejea kuendesha miezi mitatu baada ya tukio la mwisho, akishaangaliwa na daktari.

Kaka wa Coventry alinipigia asubuhi ya mwaka mpya. Kwa dereva wa lori hakuna kilicholegezwa, na alilijua hilo, ila alitaka tu kunipa hongera. Nikamwambia zamu yake itafika, tuendelee kuandika.

Leseni yangu ya miaka mitatu ilipokaribia kwisha, mwanzoni mwa 2019, fomu ililetwa nyumbani. Februari mwaka huohuo mamlaka ya leseni ilikuwa imeruhusu madereva wa magari madogo kutumia kile kidude cha kubandika mkononi kinachosoma sukari, kama FreeStyle Libre, badala ya kutoboa kidole kila safari, isipokuwa kikisoma 4.0 au chini, au usipojisikia kama kinavyosema. Vidole vyangu vina sugu kwenye ncha mpaka leo.

Nilikaa na fomu mezani, binti yangu pembeni, sasa ana miaka kumi. Akasoma swali kwa sauti: katika miezi kumi na miwili umeshuka vibaya mara ngapi ukiwa macho? Akaniangalia. "Ukiwa macho," akarudia. Nikaandika: hakuna. Tukafunga bahasha, nikapitisha Libre mkononi, ikasoma 6.8, nikawasha gari tukaenda kuiposti.