Mashuka kwenye magofu

Jumapili, usiku

Nilijiambia nitazame picha za Hubert Robert dakika kumi tu. Sasa inakaribia saa sita na chai imepoa.

Mchoraji huyu Mfaransa, aliyezaliwa 1733, aliishi Roma tangu 1754 hadi 1765. Aliporudi Paris wakambandika jina la Robert wa Magofu. Lakini mimi hazinivutii nguzo zake, yananivutia mashuka. Chini ya matao makuu anatundika kamba, na nguo zinaanikwa. Wanawake wanafua penye mawe ya mahekalu kama wafuavyo popote penye maji. Waungwana wa zama zake walikuwa wakitazama magofu na kushusha pumzi. Wanawake hawa wanataka jua tu, nguo zikauke. Tena hakuwa akitia chumvi sana. Uwanja mkuu wa Roma ya kale uliitwa Campo Vaccino, yaani uwanja wa ng'ombe, na nguzo zake zilikuwa zimefukiwa udongo. Mchoraji mwingine, Claude Lorrain, alishauchora hivyo mwaka 1636.

Kilichoninyima usingizi hasa ni picha mbili alizozionyesha 1796, zote za ukumbi mrefu wa Louvre, kasri la Paris lililogeuzwa makumbusho. Wakati huo alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa makumbusho hayo mapya. Ya kwanza ni pendekezo lake: dari litobolewe, litiwe vioo, mwanga uziangukie picha kutoka juu. Ya pili ni ukumbi uleule baada ya karne nyingi, dari limebomoka, majani yameota juu ya kuta.

Nimeziweka sambamba kwenye skrini mara nne. Mwanga unaingia palepale! Alichokiomba kwa fundi, wakati umempa bure.

Sijui alikuwa anacheka au anaogopa. Miaka miwili tu nyuma alikuwa ametoka gerezani, alikofungwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, akawa anachora hata kwenye sahani. Mtu wa namna hiyo akichora jengo la serikali limeanguka, mimi siwezi kuamini ni mapambo tu.

Katikati ya kifusi sanamu ya Apollo, mungu wa Wagiriki wa kale, bado imesimama, na kijana mmoja ameketi mbele yake anaichora. Vipande vya dari vimelala karibu naye. Yeye yuko kazini, kama wale wafuaji.