Jike asiye na tarehe: kipimo cha maziwa kimekubali

Kipimo cha maziwa kimekubali. Jioni ugumu wa maziwa ya farasi wetu (yaani kalsiamu yake, kwa ppm, sehemu kwa milioni) ulipita 200, pH, kipimo cha uchachu, ikashuka hadi 6.2, na kabla ya adhana ya alfajiri mtoto alikuwa ameshatoka, dume, mzima, akihangaika kutafuta miguu yake. Naandika yote sasa hivi, hasa habari ya maji ya kuchanganyia maziwa, maana hakuna kilichotusumbua kama hicho tangu jike huyu aletwe.

Kwa wanaoanza kufuatilia hapa: ni farasi aliyeokolewa, amekonda mpaka mbavu zinahesabika, alama 3 kwa kipimo cha unene cha Henneke cha 1 hadi 9, na mimba kubwa isiyo na historia. Hakuna anayejua alipandwa lini. Mimba ya farasi ni siku 320 hadi 365, kwa hiyo hata mwenye tarehe ya kupandwa ana mwezi mzima na zaidi wa kubahatisha. Asiye nayo hana pa kuanzia. Na hapa Jinja hata majira hayasaidii. Kule Ulaya majike huingia joto siku zinaporefuka, basi unajua watazaa mwanzo wa mwaka au majira ya kuchipua. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima, jike anaweza kushika mimba mwezi wowote.

Chakula nakipitia haraka. Siku za mwanzo luseni kavu kidogo kidogo, karibu nusu kilo kila baada ya saa 4, bila nafaka kabisa, kwa sababu nafaka kwa farasi aliyeshinda njaa huvuta fosfati na magnesi kutoka kwenye damu na moyo unaweza kusimama. Baadaye nyasi kavu za Rhodes zikawa ndio msingi. Nyasi za tembo ziko kila mahali na ni za bure, lakini zina oksalati inayofunga kalsiamu tumboni, na ukiongeza pumba juu yake, zenye fosforasi nyingi, mifupa ya mama ndiyo inayolipa deni la mtoto. Kwa jike mwenye mimba sizikubali ziwe chakula kikuu, hata zikikatwa vizuri namna gani. Luseni inabaki kila siku kwa ajili ya kalsiamu.

Mambo mawili yanayoua farasi katika mashamba ya ng'ombe, nayarudia kila mara. Dawa ya kupe yenye amitrazi ni ya ng'ombe. Kwa farasi husimamisha utumbo, na pampu iliyopulizia ng'ombe asubuhi haiguswi kwa farasi mchana. Pili, chakula cha kuku au cha ng'ombe chenye monensini. Kiasi kidogo tu kinaharibu moyo wa farasi. Soma mfuko, na kama mfuko hauna maandishi, usimpe.

Kabla ya kiwele kulikuwa na suala la uvimbe chini ya tumbo. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Kwa mimba kubwa hilo ni la kawaida na hupungua akitembezwa. Lakini tuko Busoga, nchi ya mbung'o, na farasi mwenye nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, naye huvimba hapohapo, huku akizidi kukonda. Usiseme "ni mimba tu" bila damu kupimwa. Tulitaka vitu vitatu kwa daktari wa mifugo: joto asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, kwa kuwa homa ya nagana huja na kuondoka, ujazo wa chembe nyekundu, na damu chini ya hadubini kutafuta vimelea vya nagana pamoja na vile vinavyoletwa na kupe. Damu ilikuwa safi, chembe chache kidogo tu kwa sababu ya njaa. Heri hatukumchoma diminazini, dawa ya nagana, kwa kubahatisha, kama inavyofanyika kwa ng'ombe! Kwa farasi dawa hiyo, nafasi kati ya dozi na sumu ni nyembamba mno.

Sasa kiwele. Vitabu vinasema hujaa wiki 2 hadi 6 kabla ya kuzaa, chuchu hujaa siku chache za mwisho, kisha nta huonekana kwenye ncha saa 24 hadi 48 kabla. Kwa jike aliyekonda ratiba hiyo haitegemeki. Huyu kiwele chake kilijaa usiku na kunywea mchana baada ya kutembea, jioni kikajaa tena. Misuli pembeni ya mkia ililegea mapema kwa sababu hana nyama pale, haikuwa dalili ya kitu. Nta haikuonekana kabisa. Ukifuata dalili za nje peke yake, saisi atakesha usiku mwingi mfululizo, na usiku wa kuzaa atakuwa amelala.

Maziwa hayafichi hivyo. Siku za mwisho sodiamu hushuka, potasiamu hupanda, na kalsiamu hupanda kwa kasi. Hata kwa jicho unaona: mwanzo ni majimaji ya rangi ya asali yanayoteleza kidoleni, kisha yanakuwa ya kijivu kama yamechanganywa na moshi, mwisho meupe yenye kunata, ukitenganisha vidole viwili unavuta uzi. Lakini jicho haliwezi kukuambia ni leo au kesho kutwa. Karatasi za kupimia ugumu wa maji ya bwawa la kuogelea zinaweza, na zinapatikana Kampala.

Vipimo ni hivi. Maziwa mililita 1.5, maji yasiyo na madini mililita 9, yaani 1 kwa 6. Ukipata maziwa mililita 1 tu, weka maji 6. Kinachotakiwa ni uwiano. Geuza chupa taratibu, usitikise mpaka povu. Chovya karatasi, soma kwa sekunde zilizoandikwa kwenye kopo, si baada ya kumaliza mazungumzo. Namba 200 inayotajwa ni ya mchanganyiko huo, si ya maziwa matupu. Chini ya 200, karibu hakika hazai ndani ya saa 24. Ikipita, zaidi ya nusu ya majike huzaa ndani ya saa 24 na karibu wote ndani ya 72. Pima jioni, kwa sababu badiliko kubwa mara nyingi huja alasiri kuelekea usiku wa kuzaa.

Na hapo ndipo tulipokwama. Namba zilirukaruka bila mpango: jioni 250, kesho yake 120, tena 250, na jike anakula zake nyasi kwa utulivu. Tulibadilisha bomba la sindano, tulibadilisha kopo la karatasi, tulipima chuchu ya kushoto na ya kulia mbalimbali. Jibu lilipatikana pale tulipochovya karatasi kwenye maji peke yake, bila tone la maziwa. Maji ya kisima yalisoma karibu 120 yenyewe! Yaani kila kipimo kilikuwa kimebeba chokaa ya ardhini, na siku kisima kilipokaa bila kuvutwa ilikuwa zaidi. Kuchemsha hakutoi ugumu wote. Maji ya chupa ya dukani nayo yana madini. Maji ya mvua ni mazuri yakikingwa moja kwa moja kwenye beseni la plastiki, lakini yakikaa kwenye tangi la saruji yanachukua kalsiamu ya saruji. Kilichomaliza kesi ni maji ya betri ya kituo cha mafuta. Nasisitiza: yale ya kuongezea, si asidi. Sifuri kwenye karatasi, kila mara. Tangu hapo sheria ni moja, karatasi ya kwanza ni ya maji matupu, na isiposoma sifuri kipimo cha siku hiyo hakifanyiki.

Bado kulikuwa na shimo la pili. Karatasi nyingi zina hatua 0, 25, 50, 120, 250, 425. Unatafuta 200, na 200 imekaa katikati ya rangi mbili. Dawa yake ni kupunguza mara ya pili: chukua mililita 5 za mchanganyiko, ongeza 5 za maji ya betri, chovya karatasi mpya, zidisha kwa 2. Kama ya pili imefika 120, ya kwanza ni 240 na usilale. Kama imebaki 50, ya kwanza ni 100 na nenda kalale. Karatasi mbili badala ya moja, lakini hazina ubishi. Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote katika mradi huu, kwa sababu ilizima mabishano ya "hii ni zambarau au bado" kila jioni.

pH inapimwa kwa maziwa matupu bila maji. Karatasi za bwawa huanza 6.2, zinatosha. Ikiwa 6.4 au zaidi, usiku huo hauelekei; ikishuka chini ya hapo, jiandae. Vikiafikiana vyote viwili naamini. Kimoja peke yake, narudia.

Kuhusu vifaa. Bomba la sindano la mililita 2 kwa maziwa na la 10 kwa maji, bila sindano. Bomba moja kubwa kwa vyote ni uvivu unaoharibu, maana kiputo cha hewa cha 0.3 katika 1.5 ni asilimia 20 ya maziwa. Tochi ya kichwani iwe ya mwanga mweupe. Ya njano inageuza rangi za karatasi. Kopo la karatasi lifungwe papo hapo, unyevu wa karibu na ziwa unaziua kabla ya tarehe yake. Kamua mililita 3 hadi 5 tu, kiwele kikiwa kimeoshwa na kukaushwa, na nta ikiwepo usiing'oe. Jike asiyezoea kuguswa azoeshwe wiki kadhaa mapema: simama begani ukitazama nyuma, mkono uteleze mgongoni, tumboni, kisha kiwele, na uondoke kabla hajainua mguu.

Mpango ulikuwa pia kufunga kamera ya usiku bandani. Imeachwa. Fedha yake imekwenda kwenye kifaa cha kupima sukari kwa mwanga, kile wanachotumia watu wa juisi, cha 0 hadi 32. Msinunue cha wafugaji wa nyuki, kinaanzia juu mno. Tone moja la dang'a kabla mtoto hajanyonya linakuambia ubora wake: zaidi ya 23 ni nzuri, chini ya 15 tafuta dang'a ya jike mwingine mara moja. Ya huyu ilisoma 26. Kwa mama aliyeshinda njaa sikutegemea, na nimefurahi sana.

Usiku wenyewe ulikwenda sawa. Chupa nyeupe ilitangulia, si ile nyekundu ya mahameli, yaani kondo lililotangulia, inayotaka kukatwa papo hapo. Mguu mmoja mbele ya mwingine, pua juu ya magoti, nje ndani ya nusu saa. Mtoto alisimama ndani ya saa moja, alinyonya kabla ya saa mbili kutimia. Kitovu kilichovywa klorheksidini ya asilimia 0.5, sehemu 1 ya ile ya asilimia 2 kwa sehemu 3 za maji. Kondo lilitoka kabla ya saa tatu, likatandazwa chini, ncha za pembe zake zote mbili zipo, yaani hakuna kipande kilichobaki tumboni. Lipimeni pia uzito: takriban asilimia 11 ya uzito wa mtoto ni sawa, likizidi sana shuku maambukizi.

Kinachofuata ni damu ya mtoto akifikisha saa 18 au zaidi, kuona kama kinga ya dang'a imepita miligramu 800 kwa desilita. Chanjo ya pili ya pepopunda ya mama ilidungwa kiwele kilipoanza kujaa, kwa hiyo kinga hiyo nayo inapaswa kuwemo.