Faiba, ruta ya laini au dishi: mtandao wa nyumbani hukwama wapi

Taa ya LOS (ya kuonya kuwa mwanga umepotea) ikimetameta nyekundu kwenye kisanduku cha faiba, usihangaike kuzima na kuwasha. Mwanga haufiki au hautoshi: mara nyingi waya umekatika, umekunjwa mno au umechomoka. Taa hiyo ikiwa imezima na mtandao bado unasuasua, tafuta kwingine.

Nyumba nyingi zenye faiba hutumia GPON, mfumo wa nyumba kadhaa kugawana uzi mmoja. Uzi mmoja wa kioo hupita kwenye kigawanyio kisichohitaji umeme, kisha huhudumia nyumba 32 au 64. Data ya kupakua huja kwa mwanga wa nanomita 1490, ya kupakia hurudi kwa 1310, ndiyo maana uzi mmoja unatosha. Wote mnagawana takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde za kupakua. Kigawanyio cha 32 peke yake hula desibeli (kipimo cha upotevu wa mwanga) kama 17, kwa hiyo hakuna mwanga wa kuchezea. Fungua ukurasa wa mipangilio ya kisanduku utafute Rx Power, yaani nguvu ya mwanga unaofika: kati ya -15 na -25 dBm ni salama, ikishuka chini ya -27, mtandao hukatakata. Waya usiuzungushe kwa duara dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai, wala usiupitishe mlango unapobana. Kichwa cha waya cha kijani kimechongwa mshazari wa digrii 8, cha bluu hakina mshazari huo. Ukiviunganisha, mwanga mwingi unapotea. Na usichungulie ndani ya kichwa: mwanga huo hauonekani, lakini jicho linaweza kuumia.

Kabla ya kumpigia fundi, pima kasi kwa kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa kebo. Kwenye kebo ikiwa sawa, tatizo ni waifai: bendi ya 5 GHz ina kasi lakini ukuta wa tofali huimaliza, 2.4 hupenya zaidi.

Ruta ya laini, ile inayotumia laini ya simu, hugawana mnara na simu za mtaa mzima. RSRP (nguvu ya mawimbi ya mnara) ikiwa nzuri, kama -85 dBm, na kasi bado inaanguka kila usiku, mnara umejaa. Antena ya nje haitasaidia. Ikiwa -115, mawimbi ni dhaifu, hapo sogeza ruta dirishani.

Dishi hupata mtandao kutoka kwa satelaiti. Za Starlink ziko kilomita 550 hivi juu, za mtandao wa zamani 35,786, na ndiyo maana kwenye hizo za zamani simu ya video huchelewa zaidi ya nusu sekunde. Dishi linataka anga wazi. Tawi moja la mwembe linatosha kukatiza. Tena dishi la kawaida la Starlink hula wati 50 na zaidi, wakati kisanduku cha faiba na ruta huweza kuendeshwa na betri ndogo ya volti 12 umeme ukikatika.