Nimetafuta kuta, nimekuta kitenzi

Leo kamusi yangu imeniumbua mbele ya mtu.

Mnaojua, mnajua: nina kamusi ndogo ya mtandaoni, Kiswahili kwa Kiingereza. Mwanzoni vitenzi vyote niliviingiza na "ku-". Kusoma, kulima, kuimba. Herufi K ikavimba kama jipu! Juzi nikaviondolea hiyo "ku-": soma, lima, imba. Nikajipongeza.

Mchana huu mwenzangu akaandika kwenye kisanduku cha kutafutia: kuta.

Alitaka kuta za nyumba.

Akaletewa kitenzi, kile cha kumkuta mtu mahali. Basi. Akaniangalia: "Kwani kamusi yako haina nyumba?"

Ukuta upo jamani! Umekaa kwenye U, kwa umoja, umetulia. Ila mashine haijui kwamba wingi wake unaidondosha ile U.

Nikajaribu meno. Hakuna.
Macho. Hakuna.
Nyufa. Hakuna.

(Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi vyote viwili vimenishinda kwa siku moja.)

Jioni yote nimekuwa nikiongeza sehemu ya wingi kwenye kila nomino, ili utafutaji upitie kote kuwili. Jino, meno. Uso, nyuso. Sasa ukiandika kuta, vinakuja vyote, kitenzi na ukuta. Kipi kitangulie, bado sijaamua.

Nyuso ndiyo imenigusa. Miezi yote hiyo ilikuwamo humo ndani, na hakuna ambaye angeiona.

Haya, semeni: ninyi mkitafuta neno, mnaandika umoja, au mnaliandika vilevile mlivyolikuta?