ARV na ini: usiache vidonge kabla ya kujua kilicholiumiza

Macho kugeuka manjano si ushahidi kwamba ini limeharibika. Atazanavia, kwa mfano, ambayo ni moja ya ARV (dawa za VVU), huzuia kimeng'enya kinachosaidia kutoa mwilini bilirubini, taka ya rangi ya manjano. Bilirubini inapanda, macho yanakuwa manjano, lakini ALT, kipimo cha damu kinachopanda ini likiumia, inabaki ya kawaida na ini ni zima. Kwa hiyo usisome kipimo kimoja ukakiacha kingine.

Nevirapini, ARV nyingine, ni habari tofauti. Hapa mwili wenyewe huikataa dawa na ini huvimba, mara nyingi pamoja na homa na vipele. Hatari ni kubwa zaidi wiki 6 za mwanzo, na ufuatiliaji wa karibu huendelea hadi wiki ya 18. Ndiyo maana mtu mzima huanza na miligramu 200 mara moja kwa siku kwa siku 14, kisha mara mbili kwa siku. Vipele vikitokea katika siku hizo, dozi haipandishwi mpaka viishe. Vikija na homa, malengelenge au vidonda mdomoni, dawa husimamishwa. La kushangaza ni kwamba walio hatarini zaidi ni wenye kinga nzuri: wanawake wanaoianza wakiwa na CD4 (hesabu ya seli za kinga kwenye damu) zaidi ya 250, na wanaume zaidi ya 400. Ikishaliumiza ini, hairudishwi tena, hata kwa dozi ndogo.

Stavudini na didanosini, dawa za zamani, ziliumiza polepole: mafuta hujaa kwenye ini na asidi ya laktiki hupanda kwenye damu.

ALT husomwa kwa kulinganisha na kikomo cha juu cha maabara iliyopima. Ikiwa chini ya mara 5 ya kikomo hicho na mgonjwa hana dalili, kwa kawaida dawa huendelea na kipimo hurudiwa. Ikivuka mara 5, au ikipanda pamoja na manjano, kutapika au maumivu chini ya mbavu za kulia, daktari husimamisha dawa inayoshukiwa.

Lakini ipi? Mara nyingi ARV hubebeshwa lawama za isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi za kifua kikuu, flukonazoli ya fangasi, pombe, mitishamba, au parasetamoli iliyozidi gramu 4 kwa siku. Beba kila unachomeza ukienda kliniki, pamoja na chupa ya mitishamba unayoona aibu kuitaja.

Kuna mtego mmoja mbaya. Tenofovia na lamivudini, ARV nazo, hukandamiza pia virusi vya homa ya ini B. Mwenye virusi hivyo akiziacha ghafla, vinaweza kulipuka na ini likashindwa kazi kabisa. Kwa hiyo HBsAg, kipimo cha damu cha virusi hivyo, ipimwe kabla ya kuanza au kubadilisha dawa, na ikiwa chanya, tenofovia ibaki kwenye mchanganyiko mpya isipokuwa daktari ameweka mbadala unaodhibiti virusi hivyo. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au mgonjwa akianza kuchanganyikiwa, nenda hospitali siku hiyohiyo.